Kitambaa Kilichokauka Kambani

Kibombo, tarehe 14 Desemba 2002

Mtoto wangu Rémy,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa miguu ambayo bado imevimba kwa kutembea. Wewe je? Baba yako Déo hajambo? Mama yako Adèle hajambo? Nawauliza hali ingawa wao hawataki kusikia yangu.

Nilifika Kibombo siku ya sita, nikifuata reli. Nimepata mahali kwa mjane mmoja anayeitwa Princesse, namsaidia kutwanga mpunga. Shule ya hapa inatafuta mwalimu, lakini habari zangu zilifika kabla yangu. Mkuu wa shule aliniambia kwa upole kwamba wazazi hawatakubali mtu aliyefukuzwa Kindu kwa ajili ya kifo cha mtoto akae na watoto wao darasani.

Rémy, una miaka kumi na mitano na kusoma nimekufundisha mimi, kwa hiyo nakuandikia kama mtu mzima. Zile siku tano baba na mama yako walipokwama ng'ambo ya mto, upande wa Kasuku, kwa kuwa hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka, katika nyumba ile ya Alunguli tulikuwa watatu tu: mimi, wewe, na dada yako Bénie wa miaka mitatu. Tulipika ndani. Tuliziba madirisha kwa magunia ili askari wasione moshi wakaja kutafuta chakula, na moshi wote ukabaki kwetu. Bénie alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilikuomba maji, ukaniletea katika kikombe cha bluu, nikalowesha kitambaa nikamwekea puani.

Halafu mtoto akafa, na wewe ukamwambia mjomba wako Louis: "Niliona shangazi anamufunika mutoto kinywa." Ni kweli uliona. Lakini hukutaja moshi, wala maji, wala kikombe. Louis akapiga kelele uani, "Njo yeye mulozi!" akiniita mchawi, na baba yako, kaka yangu wa tumbo moja, akautoa mkeka wangu nje mchana, majirani wakitazama.

Sikuombi mengi. Waambie kilikuwa kitambaa cha maji na kiliwekwa kwa sababu ya moshi. Hilo tu. Barua hii inaletwa na Bulaimu, yule anayebeba chumvi kwa baiskeli. Atasubiri jibu.

Shangazi yako,
Victorine


Kibombo, tarehe 9 Machi 2003

Mtoto wangu Rémy,

Salamu. Natumaini mko wazima na chumvi imeanza kupatikana. Bulaimu amerudi mikono mitupu. Anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia hakuna jibu. Nimemwambia labda ulikuwa na haraka.

Namtuma tena. Kama unaogopa kuandika, mwambie kwa mdomo neno moja, "ndiyo," nami nitaelewa.

Shangazi yako,
Victorine


Kinshasa, tarehe 18 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Habari za afya? Habari za magoti, maana nimesikia yanakusumbua? Mimi niko mzima, mke wangu Julie pia. Anwani yako nilipewa na Bulaimu kwa simu. Aliniambia hata nambari ya jirani yako ipo, lakini nimeona afadhali niandike. Sijui kama barua zako za wakati wa vita zilifika zote, mambo yalikuwa yamevurugika sana.

Niko Kinshasa tangu mwaka 2009. Nafanya kazi na watu wa chuo kikuu wanaopima hewa. Nina kisanduku cheupe, ukubwa wake kama redio, nakitundika njia panda, sokoni, karibu na shule. Kinavuta hewa kupitia karatasi nyeupe ya mviringo. Siku ya pili nikiitoa ile karatasi, imekuwa nyeusi kama sufuria ya sombe. Tunaipima uzito, tunaangalia ule weusi umetoka wapi. Unatoka kwenye magari yaliyochoka ya mafuta ya mazuti, kwenye groupe, zile mashine za umeme zinazonguruma kila uani umeme ukikatika, kwenye makaa ya kupikia, kwenye takataka na plastiki zinazochomwa mitaroni, kwenye vumbi la njia.

Kibaya si masizi unayoyaona. Kibaya ni yale madogo. Chukua unywele mmoja, ugawe upana wake mara thelathini, ndiyo ukubwa wa chembe moja. Pua haiikamati, koo haliikamati. Inashuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine inaingia katika damu na kwenda hadi kwenye moyo. Mtoto anaumia kuliko sisi kwa sababu anapumua haraka, na mapafu yake bado yanajengwa.

Nakueleza haya kwa sababu binti yangu Ornella, miaka minne, anakohoa tangu Krismasi. Mama wa Julie amesema tutafute mzizi wa ugonjwa kwenye ukoo wangu. "Kwenu iko shangazi moja. Mulisema ninyi wenyewe." Nilimsimulia Julie habari zetu tulipokuwa wachumba, kama zinavyosimuliwa nyumbani. Sasa wanataka kumpeleka mtoto kwenye chumba cha maombi, afungiwe humo siku saba bila kula, ili uachie mkono wako.

Shangazi, nilishika kisanduku changu nikapima uani kwetu. Nyuma ya ukuta kuna mtu anayebabua mbuzi kwa moto wa matairi. Dirisha la Ornella linaangalia pale. Kisanduku kilionyesha hesabu ambayo sikuwahi kuiona hata njia panda. Ndipo nikaelewa kilichompata Bénie. Ulikuwa moshi. Tulichoma vitu vibaya ndani, madirisha yamezibwa, hakuna aliyejua. Ilikuwa vita.

Nilitaka ujue kwamba sasa naelewa hukuwa na kosa. Nisamehe kwa kukawia.

Mtoto wako,
Rémy


Kibombo, tarehe 7 Aprili 2024

Rémy,

Nimepokea salamu zako na nakurudishia. Magoti yanauma, macho yanaona, meno nimebakiza ya kutosha. Princesse bado yupo na bado tunagombana juu ya chumvi ya mboga. Barua yako ililetwa na Kakule, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka karibu na stesheni ya gari la moshi. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nyekundu, maana ualimu haunitoki ingawa sikuruhusiwa kuufanya tena.

Umeandika: "Tulichoma vitu vibaya." Nani alichoma? Mimi nilipika wali kwa kuni mbichi mpaka machozi yakanitoka. Wewe ulileta nini kutoka chumba cha kazi cha baba yako? Andika jina lake. Umeandika hujui kama barua zangu zilifika zote. Zilikuwa mbili, na Bulaimu zote mbili alikupa mkononi. Umeandika habari zetu umezisimulia "kama zinavyosimuliwa nyumbani." Nyumbani nani alizisimulia mara ya kwanza?

Kuhusu vile vichembe, umeeleza vizuri, hata Princesse ameelewa, ameanza kupikia nje. Umekuwa mwalimu kunipita. Lakini unajificha nyuma ya elimu yako kama ulivyokuwa unajificha nyuma ya mlango ukivunja sahani.

Mtoto asipelekwe kufungiwa popote. Mhamishe kitanda leo, usingoje kesho. Mkono wangu haumshiki mtu.

Sasa nitakuuliza jambo ambalo sijamwuliza mtu. Barua yako yote umesema moshi, moshi. Kitambaa hukukitaja. Rémy, miaka ishirini na miwili nalala na kitambaa kile. Watu waliponiita mchawi nilijua wanadanganya, hilo halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni hiki: nilikilowesha mno. Maji yalikuwa yanachuruzika shingoni mwake. Niliweka kitambaa, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta majani ya mihogo ya kupika sombe, niliporudi alikuwa amelala, na kesho yake akafa. Labda Louis alisema kweli bila kujua. Labda nilimzibia pumzi kwa mkono wangu mwenyewe.

Wewe ulibaki naye. Unapima hewa, na ulikuwepo. Kilimwua?

Victorine


Kinshasa, tarehe 5 Mei 2024

Shangazi,

Nakusalimu. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku tuko wazima, Ornella amehama chumba na anakohoa kidogo tu. Naandika nikiwa nimekaa peke yangu ofisini, nimefunga mlango, kwa sababu sitaki mtu aone sura yangu.

Kitambaa hakikumwua.

Ulipoenda kutafuta sombe, Bénie alikitoa mwenyewe. Alikiminya, akacheka maji yalipomwagikia tumbo, akaniomba chai. Hakukuwa na majani ya chai, nikampa maji ya moto. Alikunywa, akalala. Kitambaa nilikianika mimi kwenye kamba ya ndani, juu ya mlango. Siku ya pili alipokufa kilikuwa bado pale kambani, kimekauka. Nilikuwa nakiangalia wakati mjomba Louis anapiga kelele. Nilijua, Shangazi. Siku ile ile nilijua.

Jambo hili lingekutoa hatiani kwa maneno mawili, na sikuyasema. Barua zako nilizisoma zote, nikazificha katika kopo la mpunga, baadaye nikazitia ndani ya kitabu cha hesabu, na hapa Kinshasa ninazo. Kila nilipohama nyumba nilizihamisha. Nilitunza barua na kumwacha mwenye barua.

Sasa jina la kitu. Ilikuwa mipira ya baiskeli. Baba alikuwa fundi, ilirundikana chini ya meza yake, ile iliyokufa. Kuni zilikuwa mbichi na nilichoka kupuliza. Ulinikataza siku ya kwanza, ukasema inanuka. Nikawa nangoja ugeuke, naikata vipande, natia jikoni. Moto ulikubali mara moja, nami nikajiona hodari. Kwa siku tano nilichoma mipira saba. Ule moshi mzito uliokuwa unauondoa kwa upande wa kitenge chako, ukidhani ni wa kuni, ulikuwa wangu.

Mpira ukiungua hautoi masizi matupu. Unatoa zile chembe ndogo zimebeba kiberiti na mafuta yenye sumu, na katika nyumba iliyozibwa kuna pia hewa mbaya isiyo na harufu inayomaliza pumzi polepole. Siwezi kuapa kama daktari, Bénie alikuwa pia na homa na njaa. Lakini napima vitu hivi kila siku, na nikijifanya sijui nitakuwa nadanganya mara ya pili.

Kwa ajili ya swali lako, nilikata kipande cha kitenge, nikakilowesha mpaka kikachuruzika kama ulivyosema, nikakifunga kwenye mdomo wa kisanduku karibu na yule mtu wa mbuzi. Masizi makubwa yalinaswa kwenye kitambaa. Zile ndogo nyingi zilipita. Kisha nilijifunga mwenyewe puani saa nzima. Kupumua ni kuzito, lakini mtu anapumua, na akichoka anakitoa, kama Bénie alivyokitoa. Kitambaa chako hakikutosha. Lakini katika nyumba ile wewe peke yako ulifanya kitu cha kumsaidia.

Nilisema uongo kwa sababu mama aliporudi aliuliza, "Nani aliwasha moto hivi?" huku akitazama kuta zilivyokuwa nyeusi. Niliogopa. Nikamwambia mjomba Louis, aliyekuja naye, ile sentensi moja kuhusu kinywa, na watu wazima wakamalizia wenyewe. Mama alikufa mwaka 2011 akiamini.

Jana nimemwambia Julie yote. Hajaniita mbaya. Aliondoka akaenda kumchukua Ornella kwa mama yake, asije akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akarudi naye, na tangu jana ananiongelesha mambo ya jikoni tu. Nastahili zaidi ya hapo. Nina aibu hata kuandika neno aibu, kwa sababu aibu yangu haikulala nje, wala haikutembea siku sita kwa miguu.

Mwezi wa saba nitakwenda Kindu. Nitasema mbele ya baba na mjomba Louis. Usiniamini mpaka nimefanya.

Rémy


Kindu, Alunguli, tarehe 21 Julai 2024

Shangazi,

Nakusalimu kutoka uani kwenu. Ule mti wa limau uliopanda bado unazaa. Baba ana kifua kibaya, miaka mingi ya gundi na moshi wa kuziba mipira, lakini anatembea. Mjomba Louis amezeeka, bado anasema kwa sauti kubwa. Nimesema. Nakueleza ilivyokuwa, na nilivyofanya vibaya kwanza.

Waliitwa jana mchana watu wa ukoo, wakaja pia majirani wa zamani kama kumi. Nilikuwa nimeleta kisanduku. Nikaanza na kisanduku. Nikaeleza chembe, unywele, mapafu, nikaonyesha karatasi nyeusi za Kinshasa. Watu walipiga makofi. Mjomba Louis akasema, "Mutoto yetu amekuwa munganga!" nikacheka naye. Shangazi, nilicheka. Nilitaka kikao kiishie hapo, watu wanywe soda waende.

Baba hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kazi. Akasema: "Haukutoka Kinshasa juu ya makaratasi. Maliza."

Nikasimama nikasema. Mipira, mara ngapi, kikombe cha bluu, kitambaa kambani, barua mbili. Sikusema "tulichoma." Nikasema, "Njo miye nilichoma. Shangazi hakuua mutu. Njo miye nilisema bongo, niliwadanganya." Nilisema kama mtoto anayekariri ubaoni. Mjomba Louis aliinuka, akavaa kofia yake, akaenda bila kuaga. Majirani walitazama chini. Mama mmoja aliuliza kama bado unaishi, nikamjibu unaishi, akaanza kulia. Alikuwa mmoja wa waliokuzomea mpaka mtoni.

Watu walipokwisha kutawanyika, baba aliniita nyuma ya choo. Akapiga ardhi kwa mguu, akasema: "Waya ziko hapa." Sikuelewa. Akasema kwamba siku ile aliyorudi alikuta waya za mipira ndani ya majivu, zile za ukingo ambazo haziungui. Alizikusanya kabla mama hajaziona, akazizika pale. Alijua moto ulikuwa wa nani. Nilimwuliza kwa nini basi alitoa mkeka wako nje. Akasema: "Nilikuwa nimebakiza mutoto moja. Kama si dada yangu, wangesema njo wewe. Nikachagua."

Miaka yote hiyo nilidhani namficha yeye siri. Tulikuwa wawili tunaifunika, kila mtu upande wake, na wewe uko chini yake.

Nimemwambia nitakuja Kibombo kukuomba msamaha kwa niaba yake. Amekataa. Anataka kuja mwenyewe, nyuma ya pikipiki, na kifua kile. Nimeshindwa kumzuia na sikutaka kumzuia sana. Ukimkatalia mlango atarudi, amesema.

Barua zako mbili nimempa azibebe. Ni zako.

Rémy


Kibombo, tarehe 11 Agosti 2024

Mtoto wangu Rémy,

Salamu kwako, kwa Julie na kwa Ornella. Mimi mzima. Natumaini huyo mtu wa mbuzi mmekwisha kumwendea, na kama hamjamwendea, nendeni na majirani wote, usiende peke yako na kisanduku ukamhutubia.

Déo alifika Jumanne saa tisa mchana. Ni kiangazi, njia yote ni vumbi, na watu wanachoma mashamba pande zote, kwa hiyo alishuka kwenye pikipiki mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya unga. Nilimpa kiti mlangoni. Ndani sikumkaribisha. Nikamwuliza habari za safari, akasema nzuri. Nikamwuliza habari za afya, akasema nzuri. Majirani wakaja, maana hapa mgeni wa pikipiki ni habari ya siku nzima.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya miaka ishirini na miwili. Nilipoona shingo yake ilivyokonda, mengi yalinitoka kichwani, yakabaki yale mabaya, nikayasema. Nilimwambia nilivyokula maganda ya mihogo njiani. Nilimwambia kwamba yeye ndiye alijua na wewe ulikuwa mtoto, na kwa hiyo nina hasira naye kuliko wewe, ila na wewe pia ninayo. Alisikiliza. Hakujitetea hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

Halafu kikohozi kikamshika. Unakijua. Alikuwa anainama mpaka kichwa kinagusa magoti, pumzi haziji. Niliingia ndani nikalowesha kitambaa, nikatoka nacho. Niliishia mlangoni. Princesse alikuwa anatazama, majirani wote walikuwa wanatazama, na mimi nimesimama na kitambaa cha maji mkononi mbele ya mtu asiyeweza kupumua. Sikuweza kumsogelea, Rémy. Niliogopa kama msichana.

Kaka yangu alinyoosha mkono akakichukua. Akajifunika nacho pua na mdomo, yeye mwenyewe, akakaa hivyo akipumua polepole mpaka kifua kikatulia. Mama mmoja akauliza, "Huyu mzee njo nani?" Déo akakitoa kitambaa, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Njo kaka yake. Njo miye nilimufukuza. Hakuua mutoto." Ndipo nikamkaribisha ndani.

Amekaa siku tatu. Alitaka nirudi Alunguli, nimekataa, nimezoea ugomvi wa Princesse. Lakini kabla mvua hazijaanza nitakwenda kuliona kaburi la Bénie, na nitalala nyumbani kwa Déo usiku mmoja. Mkuu wa shule wa sasa, ambaye alikuwa bado mtoto wa shule nilipofika hapa, amekuja kuniuliza kama naweza kuwasomesha watoto wa mwaka wa kwanza asubuhi. Nimemwambia nitafikiri. Nimekwisha kunoa kalamu.

Usinisukume kusema nimekusamehe. Likija nitakuandikia. Kwa sasa andika wewe, kila mwezi, na uniambie Ornella anapumua vipi.

Barua zangu mbili nimezipokea. Jibu lake limechelewa, sitasema halijachelewa, lakini limefika. Kitambaa Déo alinirudishia kabla ya kupanda pikipiki. Nimekifua, nikakianika uani, na nilipomaliza kuandika hapa nilitoka kukigusa. Kimekauka.

Shangazi yako,
Victorine